Ndimi za Karatasi

Mimi mwoka mikate. Usiku wangu
huanza saa tatu asubuhi, watu wakienda posta.
Nafunga pazia, najifunika hadi masikio,
unga bado umo kwenye nyusi.

Kisha juu ya dari: du.
Kimya.
Du.
Si viatu, si mtoto anayeruka kamba.
Du, kama mtu anayepigilia msumari
na kila pigo anabadili mawazo.

Wiki tatu nilivumilia. Ya nne nilipanda ngazi
nimevaa pijama, maneno nimeyapanga
kama trei za tanuri, moto juu, moto chini.

Mlango ulikuwa wazi. Bibi Drahomíra,
aproni ya buluu, miwani imefungwa kwa uzi,
kashika nyundo ya mti. "Umechelewa," akasema.
"Nilikutarajia Jumatatu ya kwanza. Shika hiki."

Akanipa chuma. Kisu kimoja kirefu
kilichokunjwa hata kikajiuma mkia,
kama vyangu vya kukatia biskuti za Krismasi,
ila hiki si nyota, si kengele:
kipana juu, chembamba chini, ncha imeviringika.
"Ulimi," akasema. "Ulimi wa kiatu."

Miaka thelathini na mmoja, kiwandani ng'ambo ya mto,
alikata ndimi za ngozi.
Ulimi, alinifundisha, hauna kulia wala kushoto,
ndiyo maana waongo huutumia pande zote.
Siku kiwanda kilipofungwa wenzake walibeba
saa ya ukutani, kiti, kopo la gundi.
Yeye alitia chuma mfukoni mwa aproni
akatembea polepole hadi nyumbani, kikimgonga paja.

Sasa ngozi hakuna. Kuna karatasi.
Kalenda za miaka iliyokwisha, ratiba ya treni za Brno,
bili za gesi, zile nyekundu za onyo la mwisho.
Karatasi juu ya kigogo, chuma juu ya karatasi, nyundo:
du. Ulimi mmoja unadondoka. Wa pili. Wa saba.

Saba kwa duara: ua.
Mia mbili, zimepandana kama vigae: samaki wa sikukuu,
kila gamba lina tarehe.
Mbili kwenye waya: masikio ya sungura, kofia ya mjukuu.
Zikikunjwa katikati zikashonwa: taa,
ukiiwasha, saa za treni zinatambaa ukutani,
na ile ya saa moja na dakika kumi na mbili
inaondoka kila jioni bila kusogea.

"Umbo moja tu?" nikauliza. Hasira ilishapoa,
mkate uliosahauliwa dirishani.
"Na wewe una unga tu," akajibu.

Ndipo nikamwona mumewe, Bořivoj, kwenye kiti.
Tangu kiharusi, ulimi wake umelala kinywani
kama wa kiatu kisichofungwa kamba.
Anainua kidole: kijani. Mkewe anapiga kijani.
Anainua tena: rangi ya haradali. Mkewe anakataa,
yeye anashikilia, haradali, haradali,
wanagombana hivyo hadi saa sita.
Heri kujikwaa guu, husema watu, kuliko ulimi.
Yule mzee angelipa nini ajikwae tena?

Nilipotoka nilipewa mmoja mweupe, mtupu.
"Huu bado haujasema kitu."

Ijumaa nampelekea mifuko ya unga, imekung'utwa.
Du huanza saa nne kasoro, nami nalala fofofo;
siku ikichelewa, ndiyo naamka.
Ule mweupe nimeubandika juu ya tanuri,
joto linaupa rangi ya ganda la mkate,
kidogo kila usiku.
Nina kaka Ostrava. Miaka sita.
Kalamu imo kwenye droo ya chumvi.