Pale Kilipokuwa Kioo

Wewe unayechora kamera, sijui jina lako
wala mji wako una jua la namna gani.
Mimi ni Mwanasiti wa Bondeni,
mpiga picha wa harusi, upande wa wanawake,
na ninayo mkononi kazi yako, ile isiyo kioo.

Ya zamani Ngumbao alinifungulia
kibandani kwake, nyuma ya Mwembe Tayari.
Akakitoa kioo kwa kibano, akakilaza kwenye kizibo cha soda:
kimeliwa na chumvi, kuvu pembeni kama choa.
"Hiki," akasema, "ndicho kilichokuwa kikikupofusha."
Kweli. Miaka kumi na tisa nimepiga picha
na sikuiona hata moja ikipigwa:
kidole chashuka, kioo chapanda, giza,
na ndani ya giza lile ndipo bibi harusi hucheka.

Wewe ukakiondoa. Ahsante.
Pale kilipokuwa pakabaki nafasi,
nami nikaitia pete ya shaba,
na juu ya pete, lenzi ya marehemu shangazi yangu Saumu.
Lenzi iliyozaliwa kabla yangu
ikaingia kwenye mwili wa juzi, haikuulizwa kabila.
Sijui kama ulikusudia. Huenda ulitaka wembamba tu.
Abomoaye ukuta hajui nani atapita.

Sasa malalamiko, maana sikuandika kukusifu.
Vitufe vyako ni vya vidole vya mtoto.
Skrini haitambui kidole chenye jasho la Machi,
na juani, pale Makadara, ni sahani nyeusi,
najiona mwenyewe na kijasho changu.
Umenitolea kioo ndani ukaniwekea nje.
Fokasi yako hukimbilia jicho. Bi Kaje alipofika na ninja
ilimdaka papo hapo, ingetafuta nini kingine?
Lakini Swabra alipoinama kupakwa piko
ikamwacha, ikashika uso wa mtoto
kwenye kalenda ya duka la dawa.

Hayo madogo. Kubwa ni kimya.
Siku ya kupamba, ukumbini Majengo,
mabuibui yametundikwa, nywele ziko wazi,
nilipiga picha arubaini na hapana aliyejua.
Bi Kaje, somo wa bibi harusi, akanikazia macho:
"Ushapija? Mbona sisikii?"
Nikaona haya
kama mtu aliyeingia ndani kwa watu
na viatu mkononi.

Ule mlio, ndugu, kwenu ni kelele za chuma.
Kwetu ulikuwa hodi.
Mtu aliusikia akavuta mtandio, au akauacha,
hiari yake.

Na nimeambiwa ijayo itapiga kabla sijabonyeza,
itaweka akiba nusu sekunde iliyotangulia kidole.
Nusu sekunde ile naijua.
Ndiyo mwanamke huitumia kugeuza uso.
Usinipe.

Usiku ule nilipekua orodha zako, moja ndani ya nyingine,
hadi nikakuta: mlio wa kuigiza, sauti tatu, uchague.
Uongo mtupu. Hakuna kinachopanda, hakuna kinachoshuka,
ni kispika kidogo kinachosema *ta*.
Nikauwasha. Nikaupandisha mpaka mwisho.

Kesho yake Bi Kaje akausikia,
akaweka leso sawa, akaketi wima,
akatazama moja kwa moja ndani ya lenzi ya Saumu.
"Haya. Pija."

Ukichora nyingine, sihitaji namba kubwa zaidi.
Nifanyie kitufe cha hodi, nje,
mahali dole gumba linapofika gizani.

Na betri, ndugu yangu. Betri.
Ilizima saa tano usiku,
bibi harusi ndiyo kwanza yuko mlangoni.