Koti la Pande Mbili

Kitambaa kilikuwa cha koti moja.
Mama alikipima kwa mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole,
akakipima tena, kama mtu anayehesabu pesa
akiomba awe alikosea.
Watoto tulikuwa wawili, Somoe na mimi,
na Julai ya Newala haijui hesabu:
ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma,
unaingia chini ya mlango bila hodi.

Drili ya kijivu, ya malipo ya pili ya korosho.
Kodrai nyekundu, zamani pazia la mtu tusiyemjua.
Ramani akaikata kwenye mfuko wa saruji,
mistari akaichora kwa kopa la muhogo,
chaki ya kwetu:
ukikosea unaipangusa, njaa ikikushinda unaitafuna.

"Vitambaa vitazamane uso kwa uso," alisema,
"kama wagomvi waliochoka.
Uzuri wote ndani, ubaya wote nje. Haya, zungusha."
Somoe akazungusha gurudumu la cherehani,
mimi nikashika chemli, mkono ukafa ganzi.
Shingoni, kifuani, pindo la chini,
pote pakafungwa
ila upana wa kiganja, mgongoni kwa chini.
"Hapo ndipo litakapozaliwa."

Akaingiza mkono, akavuta.
Kola ikatoka kwanza, imekunjamana, kisha bega,
kisha mkono wa kulia.
Wa kushoto haukuja.
Ulikuwa umejinyonga humo ndani
kama mbuzi aliyeizunguka kamba yake usiku kucha,
drili ikitazama Masasi, kodrai ikitazama bahari.
Mama hakusema kitu.
Akachukua wembe,
akafumua, tundu kwa tundu,
mpaka jogoo wa akina Nangumbi akawika.
Nyuzi alizibana midomoni. Hakuwa mtu wa kutupa uzi.

Kulipokucha tulikuwa na koti lenye nje mbili,
lisilo na ndani.

Kijivu cha Somoe, zamu ya asubuhi.
Nyekundu yangu, zamu ya mchana, ya kurudi na giza.
Alinikabidhi saa sita, njiapanda ya soko,
jua likiwa kali na koti halina kazi,
lina jasho lake tu na harufu ya mafuta ya nazi.
Nilikwenda nyuma ya mashine ya kusaga, nikaligeuza.
"Hata Sijaona naye ana lake," wavulana walisema,
nami nikatembea polepole,
maana Somoe alinionya: ukikimbia, pindo litatusema.

Kitu kimoja mama hakukipigia hesabu. Mifuko.
Mfuko wa upande mmoja ni ubavu wa upande wa pili.
Kwa hiyo rula yake niliijua. Kichana chake kilichong'oka meno.
Na Alhamisi moja, karatasi iliyokunjwa mara nne,
ngumu, mpya,
ikinichoma ubavuni njia nzima.

Sikuifungua. Sikuitoa hata kuitazama.

Usiku alipapasa mfuko wake, akanitazama,
mimi nikajifanya nimelala.
Lakini kwenye mfuko wangu, upande mwekundu,
nilikuwa nimeacha korosho tatu za kuchoma,
zimguse kesho alfajiri akipita kwenye ukungu,
ajue tu
kwamba upande huu nao una mtu.