Tano kwa Mbili

Pale Mwandiga, nyuma ya nyumba yetu,
palikuwa na mafiga matatu na pipa lililokatwa nusu,
na mama, Nyamwiza binti Gwimo,
ambaye kalamu aliishika siku ya kupiga kura tu,
alikuwa na sentensi moja tuliyoijua kabla ya sala:
makopo matano ya mawese, makopo mawili ya maji ya kostiki.
Tano kwa mbili. Basi.

Mimi ni Kiza.
Usidhani nilizaliwa usiku:
kwetu Buha, Kiza ni yule anayefuata mapacha.
Mbele yangu walitoka Bukuru na Butoyi,
mmoja mrefu kama mchikichi,
mwingine wa kuokota chikichi zilizoanguka,
na wote wawili walijua hesabu,
ila kila mmoja na yake.

Ikaja oda ya shule ya bweni, Kasulu.
Bukuru akasema: tuongeze.
Tano huku, tano huku, haki sawa kwa wote.
Akapima kumi kwa saba.
Sabuni ikaganda, ikapauka kama chokaa,
nzuri ukiitazama kwa mbali.
Mama akaigusa kwa ncha ya ulimi, akatema.
Bukuru akafulia shati lake, kwa kiburi,
na wiki nzima akashika kijiko kama mtu anayeokota mwiba.

Jioni ile Butoyi alichukua mkaa, akaandika ukutani

5 kwa 2
10 kwa 7

akavuta mstari wa mshazari, kisha wa pili ukaukata.
Tano mara saba, thelathini na tano.
Mbili mara kumi, ishirini.
"Zimekataana," akasema,
kama mshenga aliyerudi na jibu la posa.

Mama hakuutazama ukuta.
Alimwaga kokwa za chikichi chini,
akapanga tano, pembeni mbili.
Chini yake tano tena, na mbili.
Safu saba.
"Hesabuni."
Thelathini na tano kwa kumi na nne.
"Sabuni haiongezwi," akasema. "Inarudiwa."
Butoyi akajaribu mshazari wake:
tano mara kumi na nne, sabini;
mbili mara thelathini na tano, sabini.
Akanyamaza. Mkaa ukamkatikia mkononi.

Kuna siku nilimpelekea saba kwa tatu,
nikaona imekaribia kabisa.
Kumi na tano huku, kumi na nne kule.
Nikasema: mama, ni moja tu imezidi.
Akamwita Bukuru, akakikunjua kidole chake,
ngozi mpya, nyembamba kama ya mtoto:
"Moja yenyewe hii hapa."

Tangu hapo nimekuwa mtu wa tabu sokoni.
Kibirizi, muuza dagaa akanipigia bei ya jumla:
bakuli mbili elfu tano,
"lakini wewe, dada, beba kumi na mbili kwa elfu thelathini tu!"
Nikazishusha zote kwa sita.
Mbili kwa tano. Walewale, wamevaa kanzu kubwa.
Nikahakiki mchangani kwa kidole cha mguu:
sitini, sitini.
"Kaka, hapo umepunguza nini?"
Akacheka, akaniongezea kiganja,
na kiganja kile ndicho kilikuwa punguzo.

Sasa Bukuru yuko Mpanda, Butoyi ana wanawe Uvinza,
mama tulimzika mwaka ule mawese yalipopanda bei.
Pipa limetoboka. Natumia sufuria.
Mtu mmoja hahitaji makopo matano.
Jana nilipima mawili na nusu,
kisha, mkono ukiwa juu ya kostiki, nikasita,
nikangoja mtu aniambie.

Moja.

Tano mara moja, tano.
Mbili mara mawili na nusu, tano.
Nikakoroga upande mmoja tu, kama alivyotaka,
nikamimina kwenye kopo tupu la maziwa.
Kipande kidogo. Povu lake ni lilelile.