Masizi

Walipofungua mlango wa banda nilitarajia weupe,
ule weupe wa picha za brosha.
Nikakuta masizi,
masizi toka kiunoni hadi miguuni,
kama sufuria ya shughuli iliyoepuliwa jana
na bado hakuna aliyeigusa kwa mchanga.

Miaka saba tumeijenga setilaiti yetu kule Diekirch,
miaka saba ya glavu na kofia za nywele.
Romain akipiga chafya hutolewa nje.
Unywele mmoja huandikiwa ripoti.
Leo tuipandishe juu ya kitu hiki
kilichokwisha kwenda, kikaungua, kikarudi
kikasimama juu ya tishari katikati ya Atlantiki.

"Mtumba," alisema Romain kwenye simu.
Neno hilo tu, kisha nikamsikia akinywa maji.

Bwana Haldane wa bima, London, hakutumia neno.
Alituma namba, imepanda kidogo,
na chini yake: *tunawatakia kila la heri*,
salamu ambayo watu wa bima huitoa
kama daktari anayevua miwani.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Lakini hiki si kipya, na kidonda sijakiona.

Odalys Pruitt hakunitakia heri.
Alinipa tochi.
"Ingia, ulale chali."
Nikalala chini ya injini ya nne, shati langu likaharibika.
Akanionyesha vali aliyoibadilisha mwezi wa Machi,
na mstari mwembamba kuliko kope
alioupimapima siku tatu kwa mashine ya sauti
ndipo akakubali kuwa ni mkwaruzo, si ufa.
Kucha zake zina weusi usiotoka.
"Roketi mpya sijawahi kuisikia ikikohoa," akasema.
"Hii najua inakohoa wapi."

Nikamsimulia habari za baba,
fundi wa mapaa ya mawe, Vianden.
Ngazi mpya hakuipanda.
Alisema ina adabu za mgeni,
bado haijakuonyesha tabia.
Ile yake ya zamani aliikanyaga kipandio cha chini mara tatu,
akatega sikio,
akapanda. Miaka ishirini na sita.

Hapo nikanyamaza.
"Na wa ishirini na saba?" akauliza Odalys.

Wa ishirini na saba ngazi ilikatika.
Tangu siku hiyo tulimtambua baba kwa mguu wake
kabla hajafika mlangoni.

Hakucheka. Hakunituliza.
Alichukua tochi yake mkononi mwangu
akarudi ndani kusikiliza upya.

Nilitia sahihi saa tano usiku, Titusville,
kwa kalamu ya hoteli iliyokwaruza karatasi.
Hakika sikuwa nayo.
Hakika ni mali ya waliokwisha kufika.
Nilikuwa na jina la mtu,
na weusi wa kucha zake.

Jumanne, alfajiri.
Vioo vikatetema, korongo wakainuka kinamasini,
na moto ukapanda ukiwa na miaka yetu saba kichwani.
Ukumbi ulishangilia mara mbili:
iliporuka,
na ile miguu ilipotua kwenye tishari.
Shangwe ya pili ilinipita nikiwa nimeinama.
Ya kwetu ilikuwa bado gizani, bubu.

Dakika thelathini na moja.
Kiyoyozi kinanguruma, mtu anafungua pakiti ya biskuti.
Kisigino changu chini ya meza:
mara moja, mara mbili, mara tatu.

Kisha Romain, kutoka Diekirch, sauti imemkauka:
"Inaongea."

Odalys hakuwepo ukumbini.
Nilimpigia. Nyuma yake kulikuwa na upepo na minyororo,
alikuwa gatini, akingoja tishari.
"Vizuri," akasema. "Ya kwako imefika.
Yangu bado sijaisikia."