Jedwali la Maji

Jumatano, kipindi cha tatu, Vingunguti.
Nimebeba ndoo kutoka nyumbani,
maana bomba la shule lina koo kavu tangu mfungo.
Wanafunzi tisini na sita, madawati thelathini,
na saa ya ukutani iliyofia saa nne na dakika tano.

Nikauliza: mtu akiungua, tunampaka nini?
Darasa likalipuka kama mafuta yaliyoonja maji.
Dawa ya meno! Unga wa sembe!
Ute wa yai, mwalimu! Mafuta ya taa!
Na Mwinshehe, kutoka dirishani: Mkojo wa mtoto mchanga!
Tukacheka mpaka mwalimu mkuu akachungulia.

Sikusema mmekosea.
Nilikunja mkono wa gauni, nikawaonyesha bega,
pale mama yangu, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo,
aliponinyunyizia unga juu ya chai ya moto
na ngozi ikaumuka pamoja nao.
Kimya. Hata dirishani.

Basi nikachora moto kwa kalamu nyekundu
kwenye mkono wa Zamoyoni, anayekaa mbele
kwa sababu haoni vizuri, si kwa sababu anapenda.
Nikamimina kikombe baada ya kikombe.
Maji ya baridi, si barafu. Dakika ishirini.
Vua bangili kabla mkono haujavimba.
Lengelenge usilipasue, halijakuomba.
Kitambaa safi, kisha zahanati.

Lakini dakika ishirini ni ngapi, mwalimu,
kama nyumbani hakuna saa?
Simu zipo, ila huondoka na wazazi alfajiri.
Tukajaribu jedwali la kuzidisha:
mbili mara moja, mbili,
polepole, bila kufukuzana,
mpaka kumi na mbili mara kumi na mbili,
kisha tena, tangu mwanzo.
Saa yangu ya mkononi ikasema: kumi na tisa na nusu.
Tulikula nusu ya kipindi cha Kiswahili. Hilo nitajibu mwenyewe.

Jumatatu Zamoyoni hakuja.
Jumanne akaja na bibi yake,
Bi Siwatu, muuza vitumbua,
mkononi dumu tupu la lita ishirini.
Akalibwaga mezani, juu ya madaftari ya watu.

"Wewe ndiye uliyemfundisha huyu kumwaga maji?
Dumu moja mia tano!
Mafuta yamemrukia mdogo wake mguuni,
mimi nimeshafungua dawa ya meno,
yeye ananisukuma, mimi, bibi yake,
anaanza: mbili mara moja, mbili."

Nikatafuta pochi. Ilikuwa na elfu mbili na nauli.
Akanishika mkono.
"Sijamaliza. Dumu lilikuwa hilohilo moja.
Alipofika jedwali la tano akaona linakwisha,
akakinga beseni chini ya mguu wa mtoto,
akawa anachota yaleyale,
anamimina, anachota, anamimina.
Saba mara nane akakosea. Nikamsahihisha."

Hilo la beseni sikulifundisha.
Katika kitabu cha mwalimu maji hutiririka tu,
kama vile aliyekiandika alizaliwa chini ya bomba.
Nikafuta ubao, nikampa Zamoyoni chaki.
Akaandika pua ikikaribia kugusa:
KINGA BESENI.

Na mtoto?
"Wamemfunga bendeji. Akifungwa analia,
akifunguliwa anacheka. Ngozi ipo."

Nilidhani ataaga.
Akaenda nyuma, akambana Mwinshehe ukutani,
akaketi, magoti juu, dumu mapajani.
"Leo mnafundisha nini?"
Mtu aliyepaliwa na tonge, nikasema.
"Haya. Mimi huwagonga utosini," akasema Bi Siwatu.
"Anzia hapo."