Kabrasha la Buluu

Joho la kukodi, elfu thelathini,
lirudi Jumatatu bila doa.
Mama kaja na meli ya usiku kutoka Mkoani,
kichefuchefu hakijamtoka usoni,
mkate wa kumimina kauficha ndani ya baibui
mlinzi wa Tunguu asiuone.

Majina yakasomwa, mia tatu na kumi na mbili.
Kwenye langu msomaji akajikwaa:
"Kazija Faki... Shamte."
Kutoka safu ya wazazi ikapanda sauti:
"Shaame! Shaame wa Konde!"
Watu wakacheka. Msomaji akarudia, sawasawa.

Kisha Mkuu wa Chuo akasimama,
akavaa miwani kwa maneno anayoyajua kwa moyo:
Kwa mamlaka niliyopewa,
nawatunuku.

Basi. Neno moja.
Mkopo wa Oktoba ulioingia Machi,
takwimu niliyoirudia mara mbili,
tasnifu niliyoiandika kwa tochi ya simu,
vyote vikapita humo
kama uzi kwenye tundu ya sindano.

Nikamkumbuka dada yangu Mize siku ya ndoa yake.
Nimekuozesha. Nimekubali.
Wanaume msikitini, yeye chumbani,
hina haijakauka, hajasikia herufi,
na tayari mke wa mtu.
Mie leo nimesimama penye neno langu
kwa miguu yangu, viatu vinabana.
Hakuna walii. Hakuna aliyeniuliza.
Nikajibu hivyo hivyo, chini ya kofia,
midomo haikutikisika:
nimekubali.

Nje, juani, mama akalifungua kabrasha.
Cheti hamna. Kijikaratasi tu, cha mhuri.
"Kinasemaje?"
"Kuna kitabu cha maktaba sijarejesha.
Nikikirejesha ndipo watanipa."
Akanitazama, joho, kofia, kijikaratasi.
"Na joho la watu, na kitabu cha watu.
Wewe umehitimu, au umekopa?"
Tukala mkate tumesimama. Mafuta yakadondoka
pale pale yalipokatazwa.

Jumapili nikamsindikiza Malindi.
Kabrasha hakuniachia. Nikamwambia tupu hilo, mama,
utawaonyesha nini watu wa Konde?
Akatia ndani kishina cha tiketi aliyokuja nayo,
jina lake juu, halikukosewa herufi,
akalifunga,
akalikalia mpaka meli ilipoita.