Shikio la Bi Mwanamkuu

Kibanda kilifungwa Jumatatu, bila tangazo.
Kufuli jipya mlangoni,
na chini ya meza jivu lililomwagiwa maji.
Nilikuja na hamu yangu na shilingi mia mbili,
nikarudi navyo vyote viwili.

Guraya nzima iliyajua mabawa yale:
ngozi ikivunjika mdomoni kama kashata,
ukwaju ukivuta shavu,
na pilipili ikija nyuma yake, bila haraka,
kama mdai anayejua unapolala.

Nikaanza kuzunguka.
Mwembe Tayari niliuziwa rangi,
bawa jekundu la kwendea harusini,
ndani barafu ingali inalia.
Nyali wakaniletea sita juu ya ubao,
na jani la kotmiri, na bili
niliyoisoma mara mbili nikidhani ni ya meza ya pili.
Sparki kijana alikuwa na mkono mzuri,
lakini mafuta yake yalishakaanga kila kiumbe,
na kila kuku aliyemtoa
alikuwa na habari za papa.

Basi, nikasema, nitapika mwenyewe.
Swabra mke wangu alicheka hadi akakaa chini.

Kongowea, alfajiri, kwa Ngumbao:
mabawa kumi na mawili, yangali na vinyweleo.
Marikiti, nikanusa magunia mpaka chafya,
bizari nyembamba, pilipili manga,
ukwaju uliokandwa donge kama tofali.
Mara ya kwanza: mkaa nje, damu ndani.
Mara ya pili nilizidisha ndimu, nyama ikawa sabuni.
Mara ya tatu paka alinusa,
akanitazama,
akaondoka.
Na paka wa Mombasa si wachaguzi.

Nilimpata Bi Mwanamkuu Mtopanga, kwa bintiye,
akishona kofia, magoti yamefungwa leso.
Nikamwomba siri ya viungo.
"Viungo gani, mwanangu? Pua yangu ilikufa zamani,
homa ya mwaka ule wa mvua kubwa.
Sinusi hata moshi."
Nikaduwaa. Basi alipikaje?
"Kwa shikio.
Yafute maji, yaanike upepeni kama nguo.
Mafuta yakidondoka makaani yapiga kelele,
hayo ni maji yatoka, usiguse.
Yakinong'ona, geuza.
Yakinyamaa, nyamaa nawe,
paka ukwaju, hesabu kumi, epua."
Akavuta uzi, akaukata kwa meno.
"Wewe nakukumbuka. Ulikuwa hunyamai.
Kila ukija, mimi huunguza mabawa mawili."

Ijumaa nikapanda darini, Majengo,
mabawa juu ya chekeche, pepo za magharibi zikiyakausha
hadi ngozi ikawa karatasi.
Nikawasha jiko. Nikainamisha sikio.
Nikasikia mpira kwenye televisheni ya Mama Fauzi,
honi ya tuktuk, watoto wakigombania baiskeli,
pangaboi la jirani likikwaruza kila mzunguko.
Mafuta yalisema, lakini nani angeyasikia?

Kisha stima ikapotea.

Pangaboi likakata pumzi. Mpira ukafia miguuni mwa mtu.
Mtaa mzima ukawa kiza na makaa yangu.
Na hapo nikayasikia, kwanza yakizozana,
halafu sauti ikishuka, ikishuka,
kama watu wawili waliokumbuka kuna mgeni chumba cha pili.
Nikageuza.
Nikapaka ukwaju kwa bua la mchaichai nililoliponda ncha.
Ukimya. Moja. Mbili.

Swabra alichukua la kwanza gizani.
Nilisikia ngozi ikivunjika.
Nilitaka kumuuliza, nikajizuia.
Akavuta la pili, kisha ule mfupa mdogo wa ncha
ambao watu huutupa, akautafuna wote,
akanyoosha mkono tena.

"Swabra," nikaanza, "unajua yule bibi aliniambia..."

Stima ikarudi, mtaa ukapiga mayowe,
na mawili ya mwisho yakaungua.